Grauti ya Jiko la Trajanka

Wifi yangu Trajanka hajawahi kushindwa na mtu jikoni, nami nasema hivi nikiwa mmoja wa waliojaribu. Mwaka nilioolewa na kaka yake nilimpelekea chupa ya ajvari, rojo yetu ya pilipili hoho, niliyopika kwa mikono yangu. Alionja nusu kijiko, akarudisha kifuniko, akaniambia, "Pole, wifi." Pole, kama vile nimefiwa! Tangu siku hiyo tumependana, maana mtu asiyekuficha kitu ni rahisi kuishi naye.

Hapa Strumica, Septemba ikiingia, mji mzima hunukia pilipili hoho za kuchomwa. Tunazichoma uani, tunazimenya, tunazisaga, kisha tunazikaanga kwenye sufuria kubwa saa nzima na zaidi, mkono haupumziki kukoroga. Wengi hukaangia huko huko uani. Trajanka hukaangia jikoni kwake, ghorofa ya pili, kwa sababu goti lake halipatani na ngazi, na kwa sababu hapendi majirani wamchungulie sufuria. Ukuta wa nyuma ya jiko ulikuwa wa rangi ya mafuta, kahawia iliyokolea, na ajvari ilirukia huko itakavyo bila mtu kuuliza.

Mwaka jana, mwezi wa nane, mwanawe Kiro alioa, nao wanaishi hapo hapo kwake. Mkewe Nevenka ni fundi cherehani kiwandani, msichana mpole, mwenye maneno machache. Kiangazi hiki wazazi wake wakawaletea vijana vigae vyeupe vya kubandika ukuta ule. Trajanka alivipokea vizuri, hata akakibusu kimoja. Metodija, fundi wa vigae, akaja akavibandika, kazi safi. Ikabaki grauti tu, ile saruji ya kujazia mianya kati ya kigae na kigae. Metodija alileta kibao alichokipaka mistari ya rangi zake: nyeupe, kijivu, kahawia, na nyekundu ya matofali.

"Nyeupe," Nevenka akasema kabla kibao hakijawekwa mezani, akachukua mkoba wake akaenda kazini.

Trajanka alimwambia Metodija arudi kesho, akanivuta mkono mpaka roshani.

"Wifi, nimefukuzwa."

"Nani kakufukuza?"

"Grauti nyeupe nyuma ya sufuria ya ajvari, unadhani maana yake nini? Maana yake, mama, nenda sebuleni ukatazame televisheni. Tutanunua ya dukani." Hilo neno la dukani alilitamka kama watu wanavyotaja ugonjwa.

"Si umwambie tu?"

"Nimwambie nini? Niombe ruhusa ya kupika kwangu? Kazini nimestaafu, sawa. Na jikoni nako nistaafu?"

Machozi yakamlenga, nami roho ikaniuma, kwa sababu kumwona Trajanka akilia ni kitu ambacho sikukizoea. Lakini hakulia muda mrefu. Alifuta macho kwa aproni, na nikaona kwenye uso wake kwamba ameshapata hila.

Kesho yake Nevenka alipokuwa kiwandani, tuliamka tukachoma hoho, tukamenya mpaka vidole vikageuka vyekundu. Metodija alipofika, Trajanka alimpa mkate na kiti, kisha akakisimamisha kile kibao cha rangi nyuma ya sufuria. Ajvari ikichemka hutema mate, kila mtu anajua. Ilitema kweli kweli. Kahawia haikuonyesha kitu, nyekundu ndiyo kabisa. Ule mstari mweupe ukapata madoa ya rangi ya machungwa, na Trajanka akausugua kwa siki, akausugua kwa magadi, akausugua kwa limau, huku akiimba.

"Mama Kiro, unamwonea mtoto wa watu," Metodija akasema mdomo ukiwa umejaa mkate. "Mimi ningeweka kijivu. Kijivu hakigombani na mtu."

"Wewe kula."

Nevenka alipoingia, hata viatu hajavua, mama mkwe wake alimwonyesha kibao kama hakimu anayeonyesha kisu chenye damu. "Angalia mwenyewe, mwanangu. Mimi sisemi kitu."

Nevenka hakukitazama kibao. Alitazama sufuria, akatazama rundo la maganda kwenye beseni.

"Mmepika bila mimi?"

Nikalisukuma beseni chini ya meza kwa mguu.

"Nimebembeleza nibadilishiwe zamu wiki nzima ijayo, Mama, ili tupike wote." Akajifuta macho kwa kiganja. "Mwaka jana nilisimama hapo pembeni siku nzima, sikuona kitu. Jiko hili lina giza, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Wewe unasema imeiva, mimi naona weusi tu ndani ya sufuria. Nikasema tukiweka nyeupe hapo nyuma, kutakuwa na mwanga kidogo. Nitaona unavyofanya."

Ningekuwa na uwezo wa kupotea, ningepotea. Trajanka alikuwa amesimama na limau lake mkononi, uso umemwiva kuliko hoho.

"Na madoa je?" akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Madoa si yatakuwepo tu, Mama? Hapa panapikwa ajvari."

Trajanka akageuka. "Metodija! Bado unatafuna? Changanya nyeupe."

"Lakini si mmesema..."

"Nyeupe, nimekwambia!"

"Nachanganya, mama, nachanganya." akasema Metodija. Nikaangua kicheko, Nevenka naye akacheka huku akijifuta pua, na Trajanka akanirushia limau.

Wiki iliyofuata tulipika duru ya pili, watatu. Ukweli lazima usemwe, jiko lilikuwa limefunguka, mwanga ulidunda kwenye vigae mpaka ndani ya sufuria. Trajanka alipitisha mwiko katikati. "Unaona njia hiyo? Ikijifunga haraka, bado. Ikikaa wazi, imeiva." Nevenka alikuwa ameinama mpaka nywele zinakaribia mvuke.

Hapo sufuria ikatema. Tone kubwa lilipiga ukutani, katikati ya vigae viwili, likateremka na grauti mpya. Trajanka aliacha mwiko, akadaka kitambaa, akasugua, na kadiri alivyosugua ndivyo doa lilivyotanuka.

"Jamani, mwanangu, nisamehe, ona nimeshakuharibia..."

"Mama, achana na ukuta!" Nevenka akapiga kelele. "Inashika chini!" Akaunyakua mwiko, akaanza kukoroga kwa nguvu zake zote.

Katika jiko lile hakuna mtu mwingine aliyewahi kushika mwiko huo. Nilisubiri wifi yangu aupokonye, maana namjua. Alibaki amesimama na kitambaa chake chekundu, akimtazama binti yule akikoroga.

"Fika na pembeni," akasema hatimaye. "Pembeni ndiko kunakoungua kwanza."

Kisha akavuta kiti, akakaa, jikoni kwake, hoho zikiwa motoni, akaninyooshea kidole. "Wifi, na wewe umesimama tu? Tengeneza kahawa."