Maziko Baada ya Alasiri

Anwar yuko mwaka wa tatu wa sayansi ya kompyuta, na nusu ya masomo yake huyapata akiwa Mbagala, kitandani pake, kompyuta ikiwa imewekwa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Mama yake, Bi Naima, amepanga vyumba viwili katika nyumba ya Mzee Kondo. Dirisha la Anwar linatazama barazani, na kwa miaka hii mitatu wahadhiri wake walikuwa na mwanafunzi mmoja wasiyemjua: Mzee Kondo mwenyewe, aliyekaa nje ya dirisha hilo na kahawa yake, akisikiliza.

Somo likiisha, mzee aligonga ukingo wa dirisha.

"Huyu wa leo anajua," alisema. "Lakini mie nilisinzia katikati, na hakuniuliza kitu."

"Wengi tulisinzia, babu."

"Na mtafaulu?"

"Limerekodiwa. Nitalirudia."

Hilo ndilo Anwar alilolipenda katika kusoma mtandaoni. Mwalimu aliyerekodiwa hachoki. Ukimrudisha mara ya nne katika jambo lile lile, analieleza kwa upole ule ule wa mara ya kwanza, na hakuna mwanafunzi wa mbele anayegeuka kukutazama. Alianza kuamini kwamba mambo mengi ya nchi yangekaa sawa kama yangekuwa hivyo. Siku moja, alimwambia mzee, watu watapiga kura kwa simu, wakiwa wamelala.

"Nikiwa nimelala," Mzee Kondo alisema, "nitajuaje kama wenzangu wameamka?"

Walibishana hivyo mara nyingi, bila kuumizana. Kisha zikaja zile siku za uchaguzi mtandao ulipozimika. Anwar alikaa barazani na simu iliyogeuka kuwa saa tu. Mzee akamsogezea kikombe.

"Chuo kimekwenda wapi?"

"Kipo, babu. Mlango ndio umefungwa."

"Na ufunguo anao nani?"

Anwar akaigeuza simu kifudifudi. Mzee hakumsimanga. Wakaitazama pamoja njia isiyokuwa na watu.

Pengine swali lile ndilo lililozaa mradi wake wa mwisho. Alitengeneza mfumo aliouita Sauti ya Mtaa: mtu anaandika kwa simu kwamba mtaro umeziba au taka hazijazolewa, na taarifa inamfikia diwani. Slaidi yake ya kwanza ilikuwa na sentensi moja, kwa herufi kubwa: "Wananchi hawana mahali pa kukutana na viongozi wao." Aliionea fahari. Kilichobaki ni kuutetea mradi huo mbele ya jopo, kwa video. Akifaulu, angehitimu na wenzake mwezi wa kumi na moja. Bi Naima alikwisha kununua vitenge vya sherehe.

Mzee Kondo alifariki alfajiri ya siku ya jopo.

Mwanawe alikuwa njiani kutoka Lindi, na familia ilitaka kumsubiri. Kwa kuwa ni Anwar aliyeanzisha grupu la mtaa, yeye ndiye aliyeandika tangazo: "Maziko ni leo baada ya swala ya alasiri." Alipolituma, wazo likampitia kwamba jopo ni saa sita mchana, na kwa hiyo angewahi yote mawili. Akaona haya kwa kulifurahia.

Asubuhi alifunga turubai pamoja na vijana wenzake, akabeba mikeka. Saa tano na nusu akanawa mikono.

"Wapi tena?" aliuliza Suhaib, dereva wa bodaboda waliyekua naye.

"Nina jopo la chuo. Saa moja tu."

"Leo? Hapa hapa msibani?" Suhaib akawageukia wenzake. "Jamani, huyu akifa tusihangaike. Atazikwa na Google."

Walicheka kwa kujizuia, kama watu wanavyocheka msibani.

"Nitawahi, braza. Si alasiri?"

"Haya, Google. Wahi."

Alifunga mlango, akavaa shati la mikono mirefu, akaketi mbele ya kompyuta. Kwenye kioo walitokea watatu. Mwenyekiti alikuwa Dokta Revelian, mtu wa maneno machache, mwenye kukunja kipaji hata anapokubali.

"Nasikia watu hapo kwako," alisema.

"Ni msiba, Dokta. Mwenye nyumba wetu."

"Pole sana. Mbona hukuomba kuahirishiwa?"

"Nilijaribu, Dokta. Mfumo unauliza aliyefariki ni nani kwako. Kuna mzazi, ndugu au mwenza. Mwenye nyumba hayumo."

Dokta Revelian alitazama saa yake. "Basi tuanze."

Anwar alieleza vizuri. Akawaonyesha taarifa inavyosafiri kutoka kwenye simu ya mama muuza maandazi hadi kwa diwani. Dokta Revelian akaomba irudishwe slaidi ya kwanza.

"Hawana mahali pa kukutana na viongozi wao. Umejuaje?"

Jibu alikuwa nalo. Alikuwa amewahoji watu, ana asilimia zake. Lakini alipofungua kinywa, sauti ikapita dirishani, ikitoka pale pale alipozoea kukaa mzee.

"Mheshimiwa, mtaro wa nyuma ya msikiti. Mvua nyingine ikija tunahama."

"Nimeuona nikija," diwani alijibu. "Nimevua viatu nikavuka. Kesho nitamtuma mtu."

Anwar aligeuka. Diwani alikuwa mkekani, miguu peku, bega kwa bega na watu. Hakuna aliyemwita. Alikuja kwa sababu kwetu asiyekaa msibani hachaguliwi, na kila aliyekuwa pale alilijua hilo, naye diwani akiwamo.

"Tunakusubiri," alisema Dokta Revelian.

Hapo nje pakazuka kishindo cha watu wanaosimama kwa pamoja. *La ilaha illa llah.* Mlango ukafunguliwa. Bi Naima alisimama na mtandio mkononi.

"Anwar, wanamtoa!"

"Si alasiri, mama?"

"Mwanawe kafika ulipoingia tu humu. Imamu kasema asicheleweshwe, wanamswalia adhuhuri."

Anwar alirudi kwenye kioo. "Dokta, jeneza linatoka."

"Zimebaki dakika kumi," alisema Dokta Revelian, taratibu, kama mtu asiyependa anachokisema. "Ukitoka, nitalazimika kufunga kikao."

Vipindi vyote alivyowahi kuvikosa Anwar alivirudia, vingine mara nne. Alisikia sauti za wanaume zikianza kwenda mbali.

"Nisamehe, Dokta. Nakwenda kuzika."

Aliwakuta wamekwisha kupita duka la kona. Watu hupokezana jeneza, huyu hatua chache na yule hatua chache, na asiyekuwapo nafasi yake hujazwa mara moja, kama maji. Suhaib alimwona, akatoa bega lake.

"Shika."

Lilikuwa jepesi kuliko alivyodhani. Hilo ndilo lililomliza.

Waliporudi kutoka makaburini, ujumbe ulikuwa unamsubiri. Bi Naima alimsoma usoni.

"Wamesemaje?"

"Nitarudia mwakani. Sherehe ya mwaka huu sitakuwamo."

Mama alitazama kabati lilipowekwa furushi. "Vitenge haviozi," alisema.

Anwar alitoka, akamkuta Suhaib akigawa maji. "Kwa nini hamkuandika kwenye grupu kwamba muda umebadilika?"

"Nani aandike? Watu wote tulikuwa hapa."

Aliporudi chumbani, mama yake alikuwa bado amekaa kitandani. Anwar akamsimulia habari ya mtaro na diwani.

"Vizuri," alisema Bi Naima. "Na bomba la zahanati, lililokauka tangu mwezi uliopita? Sie wanawake tulikuwa ndani. Nani alikuja kutuuliza?"

Anwar alifungua kompyuta. Slaidi ya kwanza ilikuwa bado pale, na herufi zake kubwa. Akaifuta ile sentensi, neno baada ya neno, kutoka mwisho. Akakaa akiutazama weupe uliobaki. Alijua sasa kwamba mahali papo, na kwamba si wote wanaofika. Hakujua bado hilo linaandikwaje.

Dirisha likagongwa ukingoni. Moyo ukamruka. Alikuwa Suhaib, na sahani mkononi.

"Google, toka nje. Wali unapoa."