Filme Ilimuacha Mama ya Dereva

Mi sipendi filme ya magari. Niseme mapema, mutu asidhani niliingia kwa banda ya filme na roho muzuri ikaharibikia ndani. Lakini hii moja niliingia mwenyewe, nikakaa kwa ubao pamoja na jirani yangu motari, yule anayebeba watu kwa pikipiki, na tulipotoka nilitaka kutema mate. Nikatema.

Bon, nianze na kitabu, bila kitabu hamutaelewa hasira yangu. Kwa baraza moja karibu na soko iko mama mushonaji, sisi tunamuita fundi. Ni Mwislamu wa hapa mujini lakini alisomea Goma, Kifaransa kwake ni maji. Anapenda vitabu ya katuni. Anavinunua ngambo, kule Goma, ya zamani, kurasa zimelegea, anapita nayo mupaka ya Petite Barrière ndani ya furushi ya vitambaa. Hizi za mbio za magari zilitoka Japani, watu wakaweka Kifaransa ndani. Zinafunguliwa kwa nyuma. Mi na motari tulidhani waliishona vibaya. Fundi akacheka, akasema hata musahafu unafunguka hivyo, mungeuliza Waislamu.

Donc, basi, saa ya kupumzisha mashine alikuwa anatusomea. Kifaransa kinaingia kwa macho, Kiswahili kinatoka kwa mudomo. Mi nilisoma miaka mbili tu, na mwalimu alikuwa anatutuma kulima shamba yake, kwa hiyo hata hiyo miaka mbili uikate nusu. Tukasikiliza habari ya kijana anayeendesha gari ya kaka yake marehemu. Anashuka nayo mulima, anashindana na watoto wa matajiri. Na nyumbani iko mama yake. Mama hana maneno mingi. Anakaa jikoni, anasikiliza gari kule juu, anaambia sufuria: "Bado kona mbili." Kijana akiingia anakuta chakula imefunikwa.

Huyo mama ndiye alinishika. Zamani mi nilishusha viazi kwa baiskeli kutoka Nyakiriba kule juu mulimani, gunia juu ya gunia, na feri, ile breki, ni soli ya kiatu tu, unaikandamiza kwa gurudumu mpaka inanuka. Mama yangu alijua sauti ya feri yangu kati ya feri za wengine. Ungemuuliza alijuaje, hata yeye hakujua.

Basi filme ikafika, sasa na watu wa kweli, siyo michoro. Ilikuwa ile ya agasobanuye, mutu anaweka Kinyarwanda yake juu ya sauti ya wachezaji na kuongeza utani wake. Kijana walimupaka nywele rangi ya ndizi iliyoiva. Anacheka kwa kona. Mutu anayeshuka mulima hacheki, meno imebana. Gari ya marehemu wakaibadilisha rangi, kama vile marehemu hakuwa mutu. Wasichana wamejaa barabarani wanatikisa makalio, sijui wanamutikisia nani. Na mama hayuko. Nilimungoja mpaka taa ikawashwa.

Kesho yake kwa baraza tuliisema ile filme kama mukwe mubaya.

"Walichinja hadithi," motari akasema. "Na mama walimupeleka wapi?"

"Ni huyu wa agasobanuye," nikasema. "Alikuwa anapiga domo, akamukata."

"Huyo anakata kila kitu. Siku ingine alikata kifo ya mutu, tukaona watu wanalia hatujui wanamulilia nani."

Fundi alikuwa anatafuta tundu ya sindano.

Sasa iko karani mumoja, familia yake ilirudi kutoka Uganda. Alikuwa amekuja kungoja suruali yake. Anajua Kiingereza, na simu yake ni kama muke wa pili. Akasema, "Wazee wangu, hiyo katuni niliisoma yote kwa simu. Filme ni takataka, hapo tuko pamoja. Lakini mama hakuna hata kwa kitabu. Alikufa kabla hadithi kuanza."

"We karani," motari akasema, "huyo mama tumemusikia siku zote."

"Mulimusikia kwa nani?"

Tukamuangalia fundi. Karani akacheka. Motari naye, huyo musaliti, akacheka. "Kumbe agasobanuye yetu iko hapa," akasema. Ile filme ilinichukiza, lakini kicheko hicho kilinichukiza zaidi.

Fundi akaweka sindano chini. "Kila siku huyu mutoto anafika nyumbani, hakuna mutu. Anafungua mulango mwenyewe, anakula wali ya baridi. Nilisoma hivyo, ikanishinda kuwaambia." Akagonga kitabu iliyokuwa kwa meza. "Bon. Ya mwisho ni hii. Karani awasomee, yeye anasoma kweli." Akarudia suruali.

Kitabu hiyo niliingoja tangu masika. Nilitaka kujua kama kijana atashuka muzima, lakini zaidi nilitaka kumusikia mama mara moja ya mwisho. Na sasa anatolewa jikoni kwake na mutu mwenye simu.

Karani akatusomea kwa simu, mbio mbio, kama mutu anataja bei ya simenti. Kijana anashinda. Mutoto wa tajiri analia. Kijana anarudi nyumbani. "Imeisha."

"Leta nione," nikasema. Herufi zinanishinda, picha hazinishindi. Gari imesimama mbele ya nyumba, kijana bado ameshika mulango yake. Dirisha ya jikoni ina taa.

"Nani aliwasha?"

"Muzee, ni muchoro tu."

"Si unasema anakaa peke yake? Nani aliwasha?"

Akaikuza picha kwa vidole, akaipunguza, akaikuza tena. "Haisemi."

Motari alikuwa ameacha kucheka. Akainama akatazama ile dirisha, halafu akageuka. "Fundi," akasema polepole, "siku hiyo mama alisikia gari tangu wapi?"

Fundi akakata uzi kwa meno. Akaikunja suruali, akamupa karani. Kisha akavuta kitabu ya mwisho, akaifungua kwa nyuma.

"Tangu kona ya kwanza," akasema. "Lakini kulikuwa na mvua, kwa hiyo hakuamini masikio yake."

Karani, suruali mukononi, hakuenda. Akakaa mbele yangu. Nikamuambia asogee, ananizibia.