Mwewe Kapewa Kurasa Mbili

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na picha moja tu duniani, nayo iko kwenye kadi yake ya kupigia kura. Mwenyewe anasema pale katoka kama mtu aliyekamatwa na ng'ombe wa wizi. Mdogo wake alipofariki kule kwao Kisesa, picha iliyotangulia mbele ya jeneza ilikuzwa kutoka kwenye kadi kama hiyo. Waliikuza mpaka uso ukabaki vidoti vidoti, na watu waliotoka mbali wakawa wanaulizana kama marehemu ni mwanamke au mwanamume. Bibi aliyasikia hayo kwa masikio yake.

Kwa hiyo Desemba iliyopita, siku ya harusi ya dada yangu, alinivutia nyuma ya nguzo ya kanisa hapa Nyakato.

"Mjukuu wangu, mwambie huyo mwenye kamera anipige mimi na bibi harusi. Moja tu inanitosha. Mkinizika na ile ya kadi, nitarudi."

Nikamjibu, "Sawa, bibi." Nilijibu hivyo mimi, ambaye darasani nikijua jibu naliandika kwa penseli pembeni ya daftari halafu namwachia mwingine anyooshe mkono. Na muda ulikuwa na mpaka. Baba mdogo aliyemleta bibi alikuwa ameshatangaza kwamba gari lake linaondoka saa kumi na mbili kamili, kwa sababu taa zake za mbele zimekufa. Kumlaza bibi mjini haiwezekani, labda umfunge kamba.

Ibada ilipoisha nikamfuata mpiga picha. Nikamwambia, "Shikamoo, kaka." Hapo ndipo nilipoharibu. Ukishamshikia mtu miguu huwezi tena kumpangia kazi.

"Marahaba, mdogo wangu. Nishikie huu mkoba."

Nikashika. Maneno ya bibi yakarudi tumboni, na maharusi na sisi wasindikizaji tukapakiwa garini kwenda kupigwa picha za nje, huku ukumbi mzima ukitungoja kwa njaa. Ndiyo desturi yetu siku hizi. Wageni wanakaa kwenye viti vyenye vitambaa vyeupe wakiangalia masufuria yaliyofunikwa, na waliowaita wako ziwani wanaegemea mawe.

Njia nzima mpiga picha alitufundisha. Akasema picha za nje si kitu kimoja kama wajinga wanavyodhani. Kwenye mawe unahitaji lenzi pana ili ziwa lote liingie, na stendi nzito kwa ajili ya upepo. Sokoni unaingia na lenzi fupi, nyepesi, bila stendi, maana watu watakupiga vikumbo. Angani ni droni. Jua likiwa la utosini unahitaji kitambaa cheupe cha kurudisha mwanga usoni, la sivyo bibi harusi anatoka na mashimo badala ya macho. Yote hayo ni kweli, nilikuja kuyahakikisha. Ila yeye mwenyewe hakufuata hata moja.

Kwenye mawe tulifika saa nane, jua la utosini. Kitambaa cheupe kilikuwa kimesahaulika kanisani. Badala yake akasimamisha taa yenye mwavuli mkubwa juu ya stendi nyembamba kama mguu wa korongo. Upepo wa ziwa ukaanza kuusukuma ule mwavuli. Akakusanya mikoba yetu wasindikizaji wote, akaining'iniza kwenye stendi iwe uzito. Ungeona fahari yake! Dakika mbili baadaye taa, mwavuli na mikoba sita vilikuwa majini, na bwana harusi amekunja suruali anaopoa simu za watu.

Dada alipandishwa jiwe akiwa na gauni lake, akaambiwa atazame mbali kama anayewaza maisha. Alikuwa anawaza kuteleza, aliniambia baadaye. Viatu vyake vikapigwa picha peke yake, vikiwa vimewekwa mahali ambapo pimbi wanajisaidia.

Nikatazama saa. Saa tisa na nusu.

"Sasa twende Mwaloni," akasema mpiga picha. "Nataka uhalisia."

Yaani soko la samaki Kirumba, na gauni jeupe! Kina mama wa dagaa hawakutuacha hivi hivi.

"Bibi harusi, shada hilo la nini? Shika sangara, utakula kesho!"

"Mwanangu, umekuja kuolewa au kuparua samaki?"

"Mwacheni, mahari imelipwa kwa dagaa huyo!"

Dada alicheka mpaka vipodozi vikachirizika, na pale ndipo alipopendeza kuliko siku nzima. Mpiga picha hakumwona, alikuwa ameinama akirusha droni. Pale Mwaloni kuna mwewe wanaozunguka juu mchana kutwa wakivizia samaki, hata mtoto wa chekechea anajua. Droni ikapanda, mwewe mmoja akaifuata, akaipiga kwa kucha, ikaanguka katikati ya dagaa walioanikwa.

"Kaka, hiyo ndege yako imekula?" mwenye dagaa akauliza. "Maana imekaa mezani kabisa."

Mpiga picha alikuwa ameelekeza kamera juu, anampiga picha mwewe.

Tuliegesha nyuma ya ukumbi saa kumi na moja na dakika arobaini. Maharusi hawaruhusiwi kuonekana na wageni mpaka mshereheshaji awaite, kwa hiyo tukajificha kwenye ua wa jikoni. Gari la baba mdogo lilikuwa hapo hapo, limewashwa. Bibi amekaa mbele, kibeti mapajani, kilemba kikiwa kimenyooka vile vile kama asubuhi. Alinitazama tu.

Nikaenda kwa mpiga picha. "Kaka, samahani, bibi anaomba..."

"Za familia ni baada ya keki, mdogo wangu. Ratiba ndiyo hiyo. Halafu betri za flashi zimekwisha."

Sijui sauti ilitoka wapi.

"Umepiga jiwe! Umepiga viatu! Umepiga na mwewe, mwewe ambaye hata hakualikwa! Yule ni mama yake baba, amekaa tangu asubuhi na njaa, anataka picha moja ya kuzikiwa, na wewe unaniambia keki?"

Wapishi waliacha kukoroga. Dada akatoa kichwa dirishani mwa gari letu. Mimi nilitamani nifunikwe na sufuria la pilau.

Mpiga picha akatazama ule ua. Jua la jioni lilikuwa linapiga ukuta mweupe wa stoo. Akavua vifaa vyote mwilini, akabaki na kamera moja na lenzi moja. Akamsalimia bibi kwa Kisukuma, akamshika mkono, akamsimamisha kivulini, uso ukiuelekea ukuta ule unaorudisha mwanga. Nimchukie vipi tena hapo? Lakini nilijitahidi.

Bibi akakakamaa. Uso ule ule wa kadi.

"Bibi harusi," mpiga picha akasema, "hujamwamkia bibi yako tangu urudi."

Dada akapiga magoti na gauni lenye harufu ya Mwaloni. "Shikamoo, bibi."

"Marahabaa, mama!" Mkono wa bibi ukatua kwenye shela, mdomo wazi, pengo nje, macho yamefumbuka kama mtu anayepokea mvua. Kamera ikalia mara moja. Baba mdogo akapiga honi.

Albamu ililetwa Februari. Jiwe limo, viatu vimo, mwewe kapewa kurasa mbili nzima. Bibi hayumo. Picha yake ilikuja pembeni kwenye bahasha, nikaitia fremu na kuipeleka Kisesa mwenyewe. Baba mdogo alisema haifai, mtu mzima hapigwi picha akionyesha pengo. Bibi alikifuta kioo kwa kanga, akaitazama muda mrefu, akaenda kuleta ile kadi na kuziweka mezani sambamba.

"Wewe ndiye utakayekumbuka," akaniambia. "Ile ya kupigia kura, hii ya kuzikiwa. Wakitaka kuzichanganya, upige kelele kama siku ile."