Tupeni Watoto

Fundi mabango alikuwa mtu wa haya. Ukimsalimia, alikuitikia huku macho ameyakaza kwenye ubao. Shule aliishia darasa la saba, lakini herufi zake zilinyooka kuliko za mwalimu.

Mtaa ulipomaliza miezi mitatu bila maji, watu wakaandamana. Yeye hakuthubutu. Alikwenda binti yake wa miaka kumi na mmoja, na bango aliloandikiwa na baba usiku kwa haraka: Tupeni watoto maji. Fundi alianza na herufi kubwa mno. TUPENI WATOTO ikajaza kadibodi nzima, na "maji" akalibana pembeni chini, dogo kama chawa. Picha ilipozagaa kwenye simu, neno hilo halikuonekana. Kila mtu akasoma kwamba watoto watupwe. Shuleni, kisha mtaani, binti akabandikwa jina: Jalala. Siku ya tano akakataa kwenda.

Mchana huo kinyozi na fundi cherehani, majirani, walikuwa wanabishana kibandani kwa fundi mabango.

"Mtoto akinyea kiganja hakikatwi," kinyozi alisema. "Mwacheni."

"Aliyeingia ngomani sharti acheze!" fundi cherehani akadakia. "Kawapazia sauti wakubwa, basi wakubwa wamjibu."

"Kumjibu sawa. Mwambie, mwanangu, pampu imekufa, maji hayaji kwa kadibodi. Hilo jibu. Lakini kumwita Jalala? Nani kati yenu amezungumzia maji?"

Fundi cherehani akageuza maneno. "Wa kulaumiwa ni aliyemwandikia. Kajificha nyuma ya mtoto kama kupe." Akamtazama mwenye kibanda, akacheka. "Ningesema ni wewe, mzee wa rangi, lakini wewe huwezi kupanga ovyo vile."

"Ni mimi" ilimfika fundi mabango menoni, ikakwama hapo.

Binti akatokea mlangoni na bakuli la chakula cha baba. "Shikamooni."

"Marahaba, mheshimiwa!" fundi cherehani akaitikia. "Hebu tuambie, nani alikuandikia lile bango?"

Binti alimtazama baba yake. Baba akachovya brashi, akaanza kukoroga rangi iliyokwisha korogeka.

"Niliandika mwenyewe," binti akasema.

"Umesikia? Kakiri!"

Hata kinyozi akatikisa kichwa. "Ungemwomba baba, mama. Angekupangia vizuri."

"Ndiyo," alijibu. Akaweka bakuli kwenye kigoda, akaondoka bila kumwangalia tena.

Fundi alitaka kumwita. Sauti ilipopatikana, binti alikwisha vuka barabara, na fundi cherehani alikuwa anaulizia kibao cha duka lake kitakuwa tayari lini.

"Kesho," akasema.