Firigisi ya Dereva

Mwaka jana mama yangu nusura aniue kwa aibu mbele ya wageni, na silaha yake ilikuwa firigisi ya kuku.

Kazi yangu ni kutembeza wageni msituni huku Buyangu. Wageni wale wote walikuwa wanawake, wafanyabiashara kutoka nchi moja ndogo ya visiwani, waliokuja Kakamega mjini kwa mkutano. Walitaka kuona kama watu wa mikutano wanaweza kula na kulala kwenye nyumba za wanakijiji, ili pesa zao zibaki kijijini. Kwao, walisema, hoteli hulisha wageni vyakula vinavyoletwa na meli, na wenyeji huambulia kufua mashuka. Wakiridhika na nyumba ya mama, wangeanza kuleta vikundi. Mama alikuwa amesiriba kuta upya na kumchinja jogoo wake mkubwa. Nami, binti yake, nilikuwa nimemfundisha hadi akanichoka: tabasamu, usiwalazimishe kula, usiwaulize kama wameolewa.

Dereva wao, mwanamume wa makamo kutoka Khayega, nilimwekea sahani kwenye benchi nje ya jikoni, ugali na sukuma wiki. Ndivyo tunavyofanya sisi wa kazi hii. Dereva anakula pembeni, haraka, anarudi kwenye gari.

Mama akaiona ile sahani. Akatoka na jagi la maji, akamnawisha dereva, akamleta sebuleni na kumketisha kwenye kiti cha marehemu baba. Kisha akapakua. Wageni wakapata mapaja. Firigisi, ambayo kwetu tunaiita imondo na huliwa na mwanamume mkuu wa nyumba, wala hakuna mwanamke au mtoto aliyewahi kuthubutu kuigusa, akaiweka mbele ya dereva na kumwomba aombee chakula.

Masikio yaliniwaka moto. "Mama," nikamnong'oneza kwa hasira, "mgeni mkubwa ni yule mama kiongozi wao. Huyu ni dereva tu."

"Mwanaume hapa ni huyu peke yake," akajibu, wala hakunong'ona. "Sasa imondo nipee nani? Wewe?"

Dereva akaomba, akaila polepole kama mtu aliye kwake. Kiongozi wa wageni akaniuliza kwa Kizungu kulikoni. Nilitafuta uongo nikaukosa. Nikamweleza kwamba hicho ndicho kipande cha heshima, na mama amempa dereva.

Hakucheka. Alisema baba yake aliendesha watalii maisha yake yote, na kila siku alikula amesimama, nyuma ya jikoni za hoteli. Vikundi vyake vitakuja, akasema, ila dereva atakula mezani, na niziambie nyumba zote hivyo. Nilikubali nikiangalia sakafu. Niliogopa asije akageuka akaiona kupitia mlangoni ile sahani, ambayo bado ilikuwa kwenye benchi.

Walipoondoka, mama alitaka kujua tuliongea nini kwa Kizungu.

"Wamesema watakuja. Wamesema kuku ni tamu."

"Na hii ya huku nje?" Alikuwa amesimama kando ya benchi. "Uliwekea nani? Mimi sifugangi mbwa."

Nikasema ni yangu.

"Basi kula."

Nikakaa. Ugali ulikuwa umepoa na kukauka juu. Mama alisimama pale, mikono kiunoni, mpaka nikaumaliza.