Koti la Kompyuta ya Bibi Mkunga

Shemeji yangu ni fundi wa kompyuta, mimi ni fundi cherehani, na tunagawana chumba kimoja chenye dirisha moja. Upande wa dirisha ni wangu, maana uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi hauonekani gizani. Yeye yuko kule ndani na taa yake ya mezani, amezungukwa na mashine zilizopasuliwa matumbo. Ni mume wa dada yangu mkubwa, kwa hiyo nina haki ya kumtania kuanzia asubuhi mpaka jioni, na haki yangu sijawahi kuiacha ipotee bure.

Ni mtu asiye na haraka hata kidogo. Kila mashine inayoingia anaikatia kipande cha boksi, anaandika kila alichojaribu, anakitundika kwenye msumari juu ya meza. Neno "imepona" haandiki mpaka mashine ifanye kazi kutwa nzima mbele ya macho yake. Wateja wengine humkimbia kwa ajili hiyo. Dada yangu husema mume wake ukimuuliza saa ngapi, anaifungua saa kwanza.

Dada ndiye aliyemtafutia kazi ya kutunza ghala kwenye kampuni moja ya rangi. Walitaka jibu Ijumaa. Shemeji hakuwa na hamu na makopo ya rangi, hilo nililijua, ila hakubisha. Alisema tu, "Nimalize kwanza kompyuta ya Bibi Mkunga. Ikinishinda na hii, basi, nitajua ufundi umenikataa." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, nami nikacheka, nikidhani ni mzaha.

Bibi Mkunga amestaafu. Amezalisha wanawake miaka thelathini na moja, na kila uzazi mgumu aliuandika kwenye daftari. Sasa anayachapa madaftari hayo kwenye kompyuta ya mezani aliyonunuliwa na mwanawe, ili wakunga wachanga wapate kusoma. Anachapa kwa vidole viwili, bila haraka, na hakosei herufi. Siku ya kwanza aliingia na lile boksi la kompyuta amelikumbatia kifuani, akaliweka mezani.

"Fundi, nisikilize. Nimemzalisha mama wa mapacha. Pacha wa kwanza katoka, analia vizuri. Ghafla mashine imejizima, imejiwasha yenyewe, na ukurasa haupo. Nimerudia mara nne. Pacha wa pili mpaka leo hajazaliwa."

"Bibi, huwa huhifadhi katikati?" shemeji akauliza.

"Nahifadhi nikimaliza. Mtoto anaandikwa jina kabla hajatoka?"

Shemeji akamwonyesha namna ya kuhifadhi kila baada ya sentensi mbili. Bibi akaitikia kwa adabu, na nilivyomtazama nikajua hatafanya.

Basi kazi ikaanza. Mara ya kwanza shemeji alitoa vumbi kwa brashi, akasafisha feni, akapaka dawa mpya ya kupitisha joto. Mashine ikafanya kazi kutwa nzima hapa chumbani bila kupepesa. Akaandika "imepona". Kesho yake Bibi akarudi: imejizima tena. Mara ya pili akabadilisha kumbukumbu ya mashine, kale kakibao kembamba kanakochomekwa ndani. Kutwa nzima, salama. Ikaenda, ikarudi. Mara ya tatu akabadilisha pawasaplai, lile sanduku la ndani linalopokea umeme. Hapa chumbani mashine ilitulia kama mgonjwa aliyemwona daktari. Kwa Bibi, baada ya nusu saa, ikajizima na kujiwasha.

Mimi hapo sikumhurumia. Mungu anisamehe, nilimtania wiki nzima. Nilimwambia aipeleke kwa mganga wa kompyuta. Nilimwambia huko kwenye rangi makopo hayajizimi. Nilimwambia, "Shemeji, mimi nikishona nguo hairudi mara tatu. Ikirudi, ni mwenye nguo kanenepa." Alikuwa akitabasamu mwanzoni. Kufika Jumatano hakutabasamu tena, nami nikaendelea tu, mdomo wangu ukishaanza hauna breki.

Jumatano hiyohiyo alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Bibi na kipima umeme chake. Akapima soketi, akapima waya, vyote safi. Akakaa saa mbili akimtazama Bibi akichapa. Mashine haikujizima hata mara moja. Akaaga, na nusu saa baadaye, akiwa njiani, simu ikalia. Bibi alikuwa amepoteza tena.

Alirudi chumbani akaketi bila kuvua viatu vya vumbi, jambo ambalo halifanyi. Akakitazama kile kipande cha boksi, kimejaa pande zote mbili.

"Shemeji," akaniambia, "kesho kutwa nawapa jibu la rangi."

Safari hii nilimwangalia usoni, na nikaona hatanii. Usiku ule dada alinipigia simu kwa furaha kuniambia mumewe amekubali. Nikampongeza. Nilipokata simu nikajikuta nimekasirika, na sikujua nimemkasirikia nani.

Alhamisi mchana nilikuwa na mapazia ya kumpelekea Bibi Mkunga, maana ni mteja wangu pia, tena wa siku nyingi. Nikamkuta chumbani anachapa. Na pale chini ya meza, lile boksi la kompyuta limevaa koti.

Koti nililolishona mimi.

Nililishona miezi miwili nyuma, shemeji alipokuwa amesafiri kwenda kumuuguza mama yake. Bibi alikuja na vipimo, akasema vumbi linamsumbua. Nami nikamshonea kitu cha maana: kitambaa kizito cha buluu, ndani sponji, juu yake bitana, chini mpira wa kubana, na nyuma upenyo mdogo wa kupitishia nyaya. Hata sisimizi asingeingia. Tena nilimwambia kwa kinywa changu, "Bibi, usilivue hata ukiwa kazini, ndiyo maana nimekuachia upenyo." Akaniamini. Alilivua kwa mambo mawili tu: akija kwa fundi, ili lisichafuke njiani, na fundi akija kwake, kwa heshima, ili mgeni asikute kazi yake imefunikwa.

Nikainama, nikaweka kiganja. Mimi pasi naishika kila siku, joto nalijua. Lile boksi lilikuwa linaungua. Nikapenyeza vidole chini ya mpira, hewa ya moto ikanipiga mkononi, na wakati huohuo skrini ikawa nyeusi.

"Umeona?" akasema Bibi. "Ndiyo hivyo."

Nikaona aibu mpaka masikio yakaniwaka. Na nitasema ukweli, wazo la kwanza lililonijia halikuwa zuri. Ningeweza kusema, "Bibi, nipe hilo koti nikalirekebishe mshono," nikaondoka nalo, mashine ikapona, na hakuna binadamu ambaye angejua. Shemeji angeenda zake kwenye rangi akiamini ameshindwa, na mimi ningebaki na dirisha langu. Nilisimama pale na mapazia begani nikilipima wazo hilo.

"Una nini, mwanangu?" Bibi akauliza. "Umebadilika uso."

"Sina kitu, Bibi."

"Nimewasikia wengi wakisema hivyo kitandani kwangu. Mficha uchi hazai. Sema."

Nikasema. Nikasema yote, hata lile wazo baya. Bibi akalitazama koti, akanitazama mimi, akacheka mpaka akashika meza. "Yaani miezi miwili namvika mtu blanketi juani, halafu nampeleka hospitali kwa kuwa anazimia." Kisha akaniambia, "Haya, nenda ukamwambie huyo aliyehangaika na mashine. Mimi si wa kuombwa radhi."

Nilitembea na lile koti kwapani njia nzima nikipanga maneno, na nilipofika yote yakanikimbia. Shemeji alikuwa anafunga bisibisi zake kwenye kitambaa. Nikaliweka koti mezani kwake.

"Hili limeshonwa na mimi. Kompyuta ya Bibi hulivaa ikiwa inafanya kazi. Mimi ndiye niliyemwambia asilivue."

Akaligeuza. Akapapasa sponji, akavuta mpira, akaingiza kidole kwenye upenyo wa nyaya. Mimi nilisubiri anilipe utani wa wiki nzima, maana nilistahili na riba. Akachukua kile kipande cha boksi, akatafuta nafasi pembeni, akaandika: "Kikulacho ki nguoni mwako." Halafu akaanza kucheka, kimyakimya, mabega yakitikisika, mpaka machozi.

"Mshono wako lakini," akasema akijifuta, "ni mzuri, shemeji. Hauingizi kitu."

Hapo ndipo nilipolia. Nililia kweli, kwa sababu angenitukana ningejua la kujibu.

Asubuhi ya Ijumaa Bibi Mkunga aliingia na karatasi moja iliyochapwa, amevaa nguo za kutokea. Hakuketi. Akasimama katikati ya chumba, akatusomea: "Pacha wa pili, wa kike, alitanguliza miguu. Alizaliwa saa nne na dakika ishirini asubuhi. Kilo mbili na robo. Alichelewa kulia, lakini alilia."

Shemeji akaipokea ile karatasi kwa mikono miwili. Simu yake ikaanza kulia mezani, jina la dada likawaka. Akaitazama, akainyoosha kwangu, na mkono mwingine ukaanza kufungua kile kitambaa cha bisibisi.

"Mwambie dada yako," akasema, "niko kazini."