Siku Shangazi Alipokagua Pangani

Nilipomtaka mume wangu nilimtaka kwelikweli, na sikumficha mtu. Alikuwa karani wa stesheni pale Same, kijana wa Pangani aliyesoma misheni, na nilimpata kanisani, akiimba vibaya kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Baba hakuwa na neno. Mwenye neno alikuwa shangazi, dada yake mkubwa, aliyenilea tangu mama alipofariki. Kwetu Upare ya kusini, enzi hizo za Mwingereza, binti hakutolewa kwa sura ya kijana. Mtu mzima wa ukoo alikwenda kwao, akalala, akala, akatazama kama ni wavivu au wagomvi, kisha akarudi na jibu. Shangazi akasema atakwenda yeye, na jibu lake ndilo litakalosimama.

Mimi nilichukuliwa niwe mdomo wake. Kiswahili alikuwa akikisikia gulioni, ila hakukiamini. Alisema ni lugha ya watu wanaotaka kukuuzia kitu. Mimi nilikuwa nimesoma shule ya misheni kule Mamba, nikajua kutafsiri maneno yake na, inapobidi, kuyapunguza makali. Mchumba mwenyewe hakupewa ruhusa kazini. Alitukatia tiketi huku jasho likimtoka, tukapanda gari moshi hadi Muheza, na kutoka hapo tukapanda lori la magunia. Tuliingia Pangani jioni, nyusi zetu zimekuwa nyekundu kwa vumbi.

Mama wa mchumba alikuwa mjane, mwembamba, mwenye maneno machache. Aliishi na kaka yake, karani mstaafu wa forodha, katika nyumba ya kale ya mawe yenye ua katikati. Uani kulikuwa na birika kubwa la kuhifadhia maji ya mvua, limejengwa kwa mawe na chokaa. Shangazi alilizunguka, akaligonga kwa kiganja, akaguna kwa kuridhika. Nilifurahi. Nikadhani angalau kitu kimoja kimempendeza.

Asubuhi yule kaka mtu, ambaye nami nilimwita mjomba, alitokea na koti na fimbo yake. "Wageni wangu," alisema, "mtu hajafika Pangani mpaka atembezwe. Twendeni niwaonyeshe mji." Nilikuwa bado nafunga kitambaa kichwani. Shangazi alitoka uani anajifuta mikono, uso umemchangamka, tukaondoka.

Sijawahi kuona mtu akiupenda mji namna ile. Mjomba alitupitisha vichochoro vya kivuli, akatusimamisha mbele ya kila mlango wa nakshi na kutueleza mwenye nyumba alikuwa nani, alifanya biashara gani, na nani alimdhulumu nani. Alitwambia kuta ni za matumbawe, boriti ni za mikoko. Alitupeleka kwenye boma la Mjerumani na kwenye jengo la forodha alikokalia kiti kimoja maisha yake yote ya kazi. Nilikuwa nasikiliza kwa masikio yote mawili. Nilijiona tayari ni mke wa hapo.

Shangazi yeye alikuwa kazini. Kwenye mlango mmoja, mrefu, mweusi, wenye misumari ya shaba, aliniambia kwa Chasu, lugha yetu ya Kipare, "Muulize nyuma yake kuna nini." Mjomba akajibu kwamba nyumba ilibomoka ndani zamani, ila mlango wenyewe, alhamdulillahi, upo. Mkristo yule, lakini alhamdulillahi haikumkauka mdomoni. "Sasa wanamfungia nani?" akauliza shangazi. Nikamgeukia mjomba: "Anasema ni mlango mzuri sana."

Tukafika mtoni. Mto Pangani pale ni mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, na unaingia baharini bila haraka. Shangazi alipoambiwa kwamba huu ndio ule unaopita tambarare chini ya milima yetu, alishika kiuno. "Yote haya yanakwenda wapi?" Mjomba akanyoosha fimbo: "Baharini, mama." "Na hamna mtu wa kuyazuia?" Hilo nililitafsiri kama lilivyo, kwa kuwa sikuona njia ya kulipunguza. Mjomba alimtazama kama mtu aliyeombwa azuie usiku usiingie.

Shangazi akatikisa kichwa. "Ndiyo maana," alisema. "Watu hawajui maji. Hata ile ndiva yao nimeikuta imejaa pomoni, jua linachomoza, na hakuna aliyekwenda kuifungua. Nimewachomolea zibo mimi."

Ndiva kwetu ni bwawa dogo la mlimani. Hujazwa usiku na maji ya mfereji, na alfajiri mwenye zamu huchomoa zibo ili maji yashuke mashambani. Ukichelewa, linafurika, kingo zinabomoka, na ukoo mzima unakuita mvivu. Shangazi alikuwa amezaliwa na kuzeeka katika utaratibu huo. Hakuona birika la maji ya kunywa. Aliona ndiva iliyosahauliwa na watu waliolala, akawafanyia hisani.

Nikamwambia mjomba, moja kwa moja.

"Birika?" aliuliza.

"Ndiyo, mjomba."

"Lote?"

"Alichomoa kabla hatujatoka."

Mzee alikimbia. Fimbo kwapani, koti linapepea, alipita milango yake yote ya nakshi bila kuiangalia. Maji yalitupokea kwenye kichochoro. Bata wa jirani walikuwa wanaoga humo, na wanawake wameinama wanachota kwa bakuli yale yasiyoingia matope. Mama wa mchumba alikuwa amesimama uani kando ya birika tupu. Zibo alikwisha kulirudisha, ila hapakuwa na cha kuziba.

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. "Vuli bado," alisema taratibu. "Kisima cha hapa mtaani ni cha chumvi. Maji yale yalikuwa ya kutufikisha kwenye mvua."

Nilimweleza shangazi. Kwetu aharibuye maji hutozwa mbuzi na pombe, na yeye alikuwa mmoja wa wale wanaoitwa kutoa hukumu hiyo. Alijifunga kanga kiunoni. "Muulize maji matamu yako wapi."

Yalikuwa mbali, shambani, kupita minazi. Mama wa mchumba alisema mgeni aketi. Mgeni hakuketi. Alitwaa debe moja, akanitwika lingine, tukaanza. Jirani mmoja akapaza sauti kutoka barazani, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Huyu mbona kajipa mwenyewe siku ya kwanza?" Mtaa mzima ukacheka. Nililia njiani, nasema wazi. Nilimwona karani wangu akinitoka kwa sababu ya zibo. Shangazi alisema nilie huku natembea, na debe lisicheze.

Tulikwenda na kurudi mchana kutwa. Shingo ya mlimani haichoki upesi, na jua lilipopinda wale majirani waliocheka walikuwa wamechukua ndoo zao na kutufuata, wengine kwa huruma, wengine wasikose habari. Hata hivyo jioni maji ya birika hayakufika hata magotini.

Mama wa mchumba alitoka jikoni, akachungulia ndani ya birika, akanigeukia mimi. "Nikuulize. Ungekuwa wewe, ungefungua?"

Nilijua jibu analolitaka. Nilijua pia kwamba shangazi amesimama nyuma yangu na debe kichwani, na kwamba huyo ndiye aliyenilea.

"Ningefungua, mama," nikasema. "Kwetu, ukiona yamejaa na kumekucha, unafungua. Sijui kingine."

Alichungulia tena ndani ya birika.

"Haya," alisema. "Ukishahamia hapa, utaniuliza kwanza."

Shangazi akaniuliza kwa Chasu amesema nini. Nikamwambia. Alilitua debe polepole, akanyoosha mgongo wake wote. "Mwambie mimi sijasema ndiyo."

Nikamwambia.

"Mwambie nami sijamuuliza," akajibu mama mkwe wangu, akamsogezea shangazi kigoda alichokuwa anakalia yeye, akaenda kuleta chakula.